Mstari Mmoja wa Amri kwa Skrini za Voi

Anayeshuka basi Voi, awe anatoka Mombasa au Nairobi, hakosi skrini mbele yake: mkahawani, kwa kinyozi, kwenye duka la muvi, katika ukumbi wa kutazamia mpira. Nyuma ya skrini za namna hii mara nyingi kuna kompyuta ya mezani iliyozeeka na VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani. Kila asubuhi mtu huifungua, hutafuta folda, hupanua picha ijae skrini, kisha hubonyeza kitufe cha kurudia. Umeme ukipotea adhuhuri, kazi yote huanza upya, na huenda anayeifanya ni mhudumu mwenye sahani mikononi.

Kazi hiyo yaweza kuandikwa mara moja tu:

"C:\Program Files\VideoLAN\VLC\vlc.exe" --fullscreen --loop --no-video-title-show D:\muvi

Mwanzo wa mstari unaonyesha programu ilipo, na alama za nukuu ni za lazima kwa kuwa njia ya kuifikia ina nafasi ndani yake. Mwisho ni folda ya video. Katikati ndipo palipo na amri: jaza skrini, orodha ikiisha irudie, usiandike jina la faili juu ya picha. Ukiweka --repeat badala ya --loop, itarudiwa video moja, si orodha nzima. Kwenye Windows, mstari huu huandikwa ndani ya njia ya mkato, katika sehemu inayoitwa Target. Njia hiyo ya mkato ikiwekwa katika folda ya Startup, video huanza mara tu mtumiaji anapoingia. Kompyuta nyingi za mezani pia zina mpangilio wa BIOS wa kujiwasha umeme unaporudi. Ukiunganisha hayo mawili, na kompyuta isidai nywila, mhudumu ataendelea na sahani zake.

Jambo ninalolipenda zaidi ni --start-time. Muvi za kutafsiriwa na madijei huweza kuanza kwa matangazo marefu. Amri --start-time=90 huruka sekunde 90 za mwanzo. Lakini hapa pana mtego: ikiandikwa kwa vistari viwili, inahusu kila video katika orodha. Ukitaka iguse moja pekee, andika jina la faili hiyo kwanza, kisha :start-time=90 kwa nukta mbili. Na uandike kwa mkono wako, kwani baadhi ya programu za kuandikia hugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na amri ikakataliwa.

Kwa kompyuta dhaifu ningependekeza mpv, programu nyingine ya video ambayo haina madoido mengi. Kwake amri ni --fs na --loop-playlist=inf, na --hwdec=auto huikabidhi chipu ya picha kazi ya kufungua video pale inapowezekana. Yote hayo yanaweza kukaa katika faili ya mpv.conf, bila vistari vya mwanzo, na yakafuatwa kila programu inapofunguliwa.

VLC ilitokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ulioanza 1996. Walitaka kutazama televisheni ya satelaiti kupitia mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 kazi yao ilitolewa chini ya leseni ya GPL, na tangu hapo yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bila malipo. Sisi nasi tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta upande wa Mwatate, na vijana wake wanaosoma kompyuta wanaweza kuwapangia wenye biashara mstari kama huu kwa muda mfupi tu. Waanzie kwenye vyumba vya kusubiria katika zahanati, ambako skrini inaweza kuonyesha mafunzo ya afya kutwa nzima, hata kwa Kidawida, lugha ya Wataita, bila muuguzi kuacha wagonjwa akashike mausi.