Tulitoa Jina la Uhuru, Sasa Tutoe Wanafalaki

Kuna maswali ambayo mtu huulizwa yakamfuata hadi nyumbani. Shule moja ya upili katika eneo hili la Matuga ilinialika kuzungumza na wanafunzi kuhusu lugha na taaluma. Nilipokuwa nikiorodhesha kazi ambazo kijana anaweza kuzisomea, nilitaja na unajimu, nikikusudia sayansi ya nyota na sayari. Darasa likaangua kicheko. Kilipotulia, binti mmoja alisimama akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Babangu akisikia nataka kuwa mnajimu atadhani nataka kupiga ramli. Na hata akikubali, kazi hiyo mtu huiombea wapi?"

Yale yalikuwa maswali mawili kwa pamoja: moja la jina na moja la nafasi. Siku ile niliyajibu juujuu kwa kuwa kengele ilikuwa imekwisha kulia. Leo naomba niyajibu ipasavyo, kwa sababu naamini binti yule hakuwa akijiulizia peke yake.

Tuanze na jina. Neno mnajimu tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni nyota. Katika Kiswahili neno hilo limebeba mizigo miwili: mtu anayepima mienendo ya nyota, na mtu anayedai kuwa nyota zimemwambia nani ataoa na nani atafilisika. Neno falaki nalo halikusalimika, kwani tunao msemo wa kupiga falaki, yaani kuagua. Hata hivyo, falaki ina nasaba nzuri zaidi, kwa sababu asili yake ni njia ipitwayo na nyota angani, na Waarabu wenyewe hulitumia kwa sayansi. Napendekeza basi kwamba shuleni tumwite msomi huyu mwanafalaki, na mnajimu tumwachie mpiga ramli. Mtu asidhani kuwa hili ni jambo dogo. Mzazi hawezi kumlipia mwanawe karo kwa ajili ya kazi ambayo jina lake linamtia haya.

Wala sayansi yenyewe si ngeni kwetu. Manahodha wa majahazi waliofuata kaskazi na kusi kati ya pwani hii na Uarabuni walisoma njia kwa nyota. Wakulima wetu walilitazama kundi la Kilimia, na jina hilo limetokana na kulima, kama vile Wazulu wanavyoliita isiLimela kwa mzizi uo huo. Sayari tunazo kwa majina: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Na kila mwaka, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Kwale nzima hutoka nje kuutafuta mwezi mwandamo, na baadaye tukabishana kama umeonekana au haukuonekana. Watu wenye ubishi wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kuwa mambo ya angani hayawahusu.

Lakini kujua majina ni jambo moja na kuwa na wataalamu ni jambo jingine. Ushahidi wa kauli hiyo umo katika pwani yetu wenyewe, kaskazini mwa Malindi.

Karibu na kijiji cha Ngomeni, ndani ya Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini na kurusha satelaiti kutoka hapo kati ya mwaka 1967 na 1988. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, palirushwa kutoka huko satelaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoikaribisha, ilipewa jina la Uhuru.

Satelaiti hiyo ndiyo ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Miale hiyo haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia. Mtaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Mpaka ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imewapa wataalamu orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Takwimu zake zilisaidia kuthibitisha kwamba Cygnus X-1, iliyo katika kundinyota la Bata Maji, ina kitu kizito kisichoonekana, ambacho wengi walikuja kukubali kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa mradi huo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Msimamizi wa mradi katika shirika la NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Jambo hilo la mwisho nalitaja kwa ajili ya yule binti wa Matuga.

Hebu tujiulize: sisi tulichangia nini katika ushindi huo? Tulitoa bahari, tukatoa ikweta, tukatoa na jina. Jina letu limeandikwa katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na mwanafunzi wa Tokyo hulitamka bila kujua kuwa ni neno la Kiswahili. Lakini Mkenya aliyekuwa akizisoma takwimu zile hakuwapo. Hatuna haja ya kumlaumu mtu kwa hayo, kwa maana mwaka 1970 taifa lilikuwa changa na wasomi wake walikuwa wachache. Lawama itatustahili tukirudia.

Kwa nini nasema tukirudia? Kwa sababu miaka iliyo mbele yetu ina mambo mengi ya angani, na baadhi yake yanapita karibu na mlango wetu.

La kwanza ni kupatwa kwa jua kikamilifu tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli cha mwezi kitapita kusini mwa Uhispania, kikate Afrika ya Kaskazini kutoka Moroko hadi Misri, kivuke Saudi Arabia na Yemeni, kisha kiguse ncha ya Somalia. Karibu na Luxor, nchini Misri, giza litadumu kwa zaidi ya dakika sita, muda ulio mrefu mno kwa tukio la aina hiyo. Sisi wa Kenya tutaona sehemu tu ya jua ikifunikwa. Hata hivyo hilo ni somo tosha kwa shule, maadamu walimu watahakikisha kuwa hakuna mtoto anayelitazama jua kwa macho matupu.

La pili ni mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ulioundwa mwaka 1919. Umoja huo hukutana kila baada ya miaka mitatu, na Agosti 2024 ulikutana Cape Town, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mkutano unaofuata umepangwa kufanyika Roma, Agosti 2027. Ni desturi ya umoja huo kuwafadhili nauli baadhi ya wahudhuriaji, na unalo pia daraja la uanachama kwa vijana waliomaliza uzamifu karibuni.

La tatu ni la mwaka 2029. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili, jabali la angani liitwalo Apophis, lenye upana wa mita zipatazo 340, litapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu zaidi kuliko baadhi ya satelaiti za mawasiliano. Halitatugonga, wataalamu wamekwisha kulipima na kulihakikisha hilo. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako litaweza kuonekana kwa macho. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa wa kimataifa wa kuhamasisha watu kuhusu majabali hayo.

La nne halina siku moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote kwa upande wa kazi. Huko Karoo, nchini Afrika Kusini, inajengwa darubini ya redio iitwayo SKA. Sahani zake zitakuwa 197, zikiwamo 64 za MeerKAT iliyozinduliwa mwaka 2018, na sehemu yake nyingine inajengwa Australia. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Afrika Kusini katika mradi huo upande wa bara letu. Ghana, ambayo ni mshirika mwenzetu, iligeuza sahani ya zamani ya mawasiliano iliyoko Kutunse kuwa darubini, ikaizindua mwaka 2017. Sisi tunayo sahani ya Longonot, ambayo imetajwa kwa miaka mingi katika mpango uo huo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa nirejee kwa swali la pili la binti yule: kazi hiyo mtu huiombea wapi?

Nitamjibu kwa ukweli. Nafasi zenye jina la mwanafalaki ni chache, na nyingi ziko katika vyuo vikuu na vituo vya utafiti. Njia yake ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamifu, kisha miaka kadhaa ya utafiti kwa mikataba mifupi kabla ya kuajiriwa kwa kudumu. Anayetaka utajiri wa haraka atafute pengine. Lakini ujuzi unaopatikana njiani, yaani hisabati, uandishi wa programu za tarakilishi, vifaa vya elektroniki na uchambuzi wa takwimu nyingi mno, unatafutwa na mabenki, makampuni ya simu, idara za hali ya hewa na taasisi za ramani. Mwanafalaki asiyepata darubini halali njaa.

Na njia yenyewe ina milango. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya kwanza ya falaki na fizikia ya nyota. Chuo Kikuu cha Cape Town ni makao ya programu ya NASSP, ambayo tangu mwaka 2003 imewafunza vijana wa Afrika kwa kiwango cha uzamili. Taasisi ya falaki ya redio ya Afrika Kusini imefadhili wanafunzi kwa miaka mingi, wakiwamo wa kutoka nchi washirika. Mradi wa DARA, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ulitoa mafunzo ya falaki ya redio kwa vijana wa nchi hizo hizo, Wakenya wakiwamo. Hapa nyumbani, Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017, na satelaiti ya Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023. Mwalimu naye hakusahauliwa: Cape Town kuna ofisi ya Umoja wa Falaki inayoshughulikia falaki kwa maendeleo, ambayo huita maombi ya miradi ya jamii na shule. Na kwamba jambo hili linawezekana bila ya kungoja serikali, Susan Murabana amelionyesha, kwani tangu mwaka 2014 amekuwa akizungusha darubini mashuleni pamoja na mumewe.

Ikiwa milango ipo, mbona vijana wetu hawaingii? Naona vizuizi vitatu. Kwanza, matangazo ya nafasi hizi huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, yakapita mbali na Mkongani na Tiwi, na yanapofika siku ya mwisho ya maombi imekwisha kupita. Pili, wanafunzi wetu huiacha fizikia mapema mno. Katika mtaala mpya mwanafunzi huchagua mkondo anapoingia Gredi ya 10. Akikosea hapo, kurudi ni taabu. Tatu, wasichana huambiwa, kwa maneno au kwa ukimya, kuwa hesabu si zao.

Dawa ya vizuizi hivi haihitaji bajeti ya bunge. Kila shule yaweza kuwa na ubao mmoja wa matangazo ya nafasi za masomo, na mwalimu mmoja wa kuyafasiri kwa Kiswahili chepesi pamoja na tarehe zake. Kila shule yaweza kuanzisha chama cha falaki chenye kazi moja tu kwa kuanzia: kuandika kila jioni mwezi umeonekana wapi, saa ngapi na kwa umbo gani. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi watakuwa na takwimu zao wenyewe, na ubishi wa Idi utawakuta wana la kusema. Anga ya Shimba Hills bado ina giza zuri kuliko ile ya mahoteli ya Diani. Na sisi wa idara za Kiswahili tuna deni la istilahi. Mtoto asipate kisingizio kwamba nyota hazisemi lugha yake.

Nimeahidiwa nafasi nyingine ya kuzungumza katika shule ile. Nitamtafuta binti yule nimweleze kwamba neno la Kiswahili lilipaa kutoka pwani hii mwaka 1970 likabadilisha elimu ya dunia, ila halikuwa na Mswahili wa kulisindikiza. Kisha nitamwomba ampelekee babake salamu zangu, amwambie kuwa anataka kuwa mwanafalaki. Akiuliza ni nani huyo, amtoe nje usiku, amwonyeshe Kilimia, na amweleze kuwa ni mtu anayeendeleza kazi ambayo babu zake waliianza.