Wazo la Filamu Halina Mwizi

Miongoni mwa Waswahili wa Maskati wanaojaribu kuandika filamu, swali linalotangulia mengine yote, na ambalo huulizwa hata kabla ya ukurasa mmoja kuandikwa, ni mahali pa kusajili wazo kabla halijaonyeshwa kwa mtu. Swali hilo lina kasoro tangu mzizi wake, na limerudiwa mno, kwa kuwa anayeliuliza huwa amekwisha kuamua kwamba msikilizaji wake wa kwanza ni mwizi, ilhali msikilizaji huyo ndiye anayeweza kumwonyesha, bila ya gharama yoyote, kwamba kisa chake bado hakijasimama.

Kinachopaswa kusikilizwa katika hatua hiyo ni loglaini, yaani sentensi moja, au mbili kwa nadra, inayomtaja mhusika mkuu, jambo analolitaka, kinachomzuia na hasara itakayompata akishindwa. Loglaini si tangazo la kuwavutia watazamaji bali ni kipimo, na skripti ya filamu ndefu, ambayo kwa kawaida hukaribia kurasa 100, hulipia katika kurasa zake zote kosa lililoachwa kwenye sentensi hiyo.

Hofu ya kuibiwa wazo haina mguu wa kusimamia katika sheria. Sheria ya hakimiliki ya Omani, iliyotolewa kwa amri ya Sultani namba 65 ya mwaka 2008, hulinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, kama vile maandishi, picha au sauti, wala haimlindi mtu kwa jambo lililompitikia kichwani. Hali haiwezi kuwa vingine, kwa sababu Omani ni mwanachama wa Shirika la Biashara la Dunia tangu mwaka 2000, na mkataba wa shirika hilo kuhusu haki miliki unatamka katika kifungu cha 9 kwamba hakimiliki huhusu namna jambo lilivyoelezwa na si wazo lenyewe. Kwa hiyo hakuna ofisi, iwe Maskati, Unguja au Dar es Salaam, inayoweza kumwandikia mtu umiliki wa wazo, na yeyote anayetoza fedha kwa ajili hiyo anauza upepo.

Ukipatikana ukweli huo, huletwa dawa ya bahasha. Mwandishi hushauriwa kuitia loglaini yake ndani ya bahasha, kujitumia mwenyewe kwa rejista, kisha kuihifadhi bila kuifungua, eti muhuri wa posta umekuwa hati ya umiliki. Dawa hiyo haitibu lolote. Mkataba wa Berne, ambao Omani iliingia mwaka 1999, unaipa kazi ulinzi tangu inapotungwa, bila ya sharti la usajili wala muhuri, hivyo bahasha haiongezi haki yoyote; na hata kama ushahidi wa tarehe, ni dhaifu, kwani bahasha inaweza kupitishwa posta ikiwa tupu na haijagundishwa, ikajazwa miezi sita baadaye. Zaidi ya hayo, kilichomo ndani ni sentensi moja ya wazo, na muhuri wa posta haujapata kugeuza wazo kuwa mali.

Wanaoishikilia hofu hii hutaja kesi, na kesi wanazozitaja huwasuta. Mwandishi wa vichekesho Art Buchwald aliishinda studio ya Paramount mwaka 1990 kuhusu filamu Coming to America ya mwaka 1988, na mwaka 1992 mahakama ya California ikaamuru alipwe dola 150,000, na mshirika wake Alain Bernheim dola 750,000. Ushindi huo haukutokana na hakimiliki ya wazo. Ulitokana na mkataba uliosainiwa, ulioahidi malipo endapo studio ingetengeneza filamu iliyojengwa juu ya kurasa chache alizoiuzia. Kwa upande mwingine, A Fistful of Dollars ya Sergio Leone, ya mwaka 1964, ililetewa madai na watengenezaji wa Yojimbo ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1961, na ikabidi wagawiwe sehemu ya mapato, kwa sababu iliifuata filamu ile tukio kwa tukio. Lakini mgeni anayeingia mjini na kuyagonganisha makundi mawili yanayohasimiana, kama ilivyo katika filamu zote mbili, ni wazo ambalo mtu yeyote anaweza kulitumia kesho asubuhi.

Hapa Maskati hofu hiyo inachekesha zaidi, kwa kuwa mawazo yanayofichwa mara nyingi ni mamoja. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia kutawanyika, kisha safari ya kuja Omani, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, ni kisa ambacho mtu hahitaji kutembea nyumba nyingi za Al-Khoudh au Seeb ili akisikie, na kila anayekusudia kukiandika hudhani amekirithi peke yake. Hata kisa kisichofichwa husubiri: Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ilikuwa mikononi mwa wasomaji tangu mwaka 1999, lakini filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Upungufu uliopo, basi, ni wa kazi na fedha, si wa visa.

Mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya utaonyesha kinachopotea. Mwandishi anayeficha wazo lake hubaki na sentensi kama hii: "Filamu inahusu familia ya Kizanzibari inayoishi Maskati na changamoto zake." Hiyo ni mada, na ndani yake hamna mtu anayetaka kitu. Sentensi ile ile, ikishapita kwenye masikio kadhaa, huweza kufika hapa: "Mjane wa Al-Khoudh, ambaye kwa miaka 60 amewaambia wanawe kwamba kaka yake alikufa Unguja, anapigiwa simu na kaka huyo akiomba kuja kwenye harusi ya mjukuu, naye ana wiki moja ya kuamua amkane au akiri uongo wake."

Masikio nayo yachaguliwe. Shangazi atajibu "Mashaallah, mwanangu," aongeze kahawa na halua, na mzee wa barazani atasahihisha mwezi wa pepo na jina la mtaa. Wote wawili wana nia njema, lakini mmoja anamsikiliza mtoto wake na mwingine anasikiliza historia, na hakuna anayekisikiliza kisa.

Yaliyobaki ni machache. Watafutwe watu watano walio nje ya ukoo, mmoja wao asiyeijua Zanzibar, kwa mfano mtu wa Nizwa atakayesomewa kwa Kiarabu, na kila mmoja asomewe peke yake, mara moja, bila ya maelezo. Wasiulizwe kama wamependa. Waulizwe wanatarajia nini kitokee. Mwandishi aandike majibu na asijitetee. Anayehitaji tarehe ajitumie rasimu kwa barua pepe. Skripti ikikamilika na soko lake likiwa Tanzania bara au Zanzibar, iandikishwe kwenye ofisi ya hakimiliki ya upande huo, COSOTA kwa bara au COSOZA kwa Zanzibar. Mkataba usainiwe kabla ya mtayarishaji kukabidhiwa skripti nzima, si kabla ya kusikia loglaini. Wanaotaka kukutana na watu wa fani wana tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika Unguja tangu mwaka 1998, na mafunzo ya filamu ya Maisha, yaliyoasisiwa Kampala na Mira Nair mwaka 2004.

Kipimo kikubwa huja siku ya pili, msikilizaji anapoombwa akisimulie kisa kwa maneno yake. Wote watano wakimtaja mjane, simu na uongo, lakini watatu wakaisahau harusi, basi harusi ni pambo, na mwandishi hana budi kutafuta jambo jingine litakalombana mjane katika wiki ile, kisha atafute wasikilizaji wapya, kwa kuwa wale wa kwanza wamekwisha kukijua kisa.