Vipuri vya Vyombo vya Kale vya Kupikia (Sehemu ya Pili): Kwa Nini Primus Bado Inatengenezeka

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi vyombo vingi vya jikoni vinavyotupwa vikiwa bado vizima: sufuria ya presha haina ufa, ila mpira wa kifuniko umekakamaa na aliyeutengeneza hayupo tena sokoni. Leo tutazame chombo kilichoepuka mkosi huo. Jiko la Primus lilibuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist mjini Stockholm mwaka 1892, na kampuni ya B. A. Hjorth ikalisambaza duniani. Roald Amundsen alifika nalo Ncha ya Kusini mwaka 1911. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, utengenezaji wa majiko hayo ya mafuta ya taa ulihamia kwa Optimus, mshindani wake wa siku nyingi. Kwa kawaida, kiwanda kikiacha kazi, vipuri navyo huadimika. Kwa Primus haikuwa hivyo. Hadi leo, mwenye jiko la enzi za babu yake anaweza kulipatia washa ya ngozi, nozeli, hata kichwa kizima. Nashikilia kwamba kilicholiokoa jiko hili si jina la kampuni, bali ni ubunifu mwepesi kufunguka na vipimo ambavyo watengenezaji wengi walivitumia kwa pamoja.

Tuanze na utendaji wake, maana ndani yake ndimo ilimo sababu ya kwanza. Primus haina utambi. Mpishi huwasha spiriti kidogo katika kibakuli kilicho chini ya kichwa cha jiko, mirija ikapata moto. Kisha hupampu hewa ndani ya tangi la shaba. Hewa husukuma mafuta juu, mafuta hugeuka mvuke ndani ya mirija yenye joto, na mvuke hutoka kwa kasi kupitia tundu la nozeli lenye upana wa takriban theluthi moja ya milimita. Hapo huchanganyika na hewa na kuwaka kwa moto wa buluu. Kwa hiyo vinavyochakaa haraka ni vichache na vinajulikana: ngozi ya pampu hukauka na kusinyaa, kizibo kidogo cha valvu iliyo mwisho wa pampu huliwa, washa ya risasi chini ya kichwa hubonyea, na tundu la nozeli hupanuka kwa kuzibuliwa mara kwa mara. Kila kimojawapo hufunguliwa bila kuvunja kingine. Tangi lenyewe, likitunzwa, huishi miongo mingi.

Sababu ya pili ni ushindani. Kando ya Primus kulikuwa na Optimus, Radius na Svea za Sweden, Monitor ya Uingereza, Hipolito ya Ureno, na baadaye karakana za India. Wengi wao walifuata umbo lile lile la kichwa, na mara nyingi nyuzi za skrubu zinazolingana. Matokeo yake ni kwamba nozeli iliyotengenezwa kwa ajili ya jiko la mmoja huweza kufaa jiko la mwingine, na mahitaji ya wengi yakatosha kumpa riziki anayetengeneza kipuri kimoja tu. Hata taa ya karabai, ambayo wavuvi wa dagaa wa maziwa yetu waliitumia kwa miaka mingi, husukuma mafuta yake kwa pampu ya namna hiyo hiyo. Fundi anayejua kulainisha ngozi ya pampu kwa mafuta au kukata mpya, ujuzi wake haufungwi na chombo kimoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watafutaji wengi wa vipuri, wanaoanza na jina lililochorwa kwenye tangi. Jina lina faida yake: Primus zilizotengenezwa kuanzia 1911 hubeba herufi inayoonyesha mwaka. Lakini kinachoamua kama kipuri kitaingia ni kipenyo, urefu na nyuzi. Pima kwa kalipa, peleka sokoni kipuri kilichoharibika chenyewe, na uulize kwa kipimo. Anayeuliza kwa jina pekee hujifungia milango ambayo vipimo vingeifungua.

Atatokea mtu aseme kwamba vipuri vya kuiga ni duni na ni hatari. Tahadhari hiyo ni ya haki, ila haivihusu vipuri vyote kwa uzito sawa. Ngozi ya pampu ikiwa mbovu, jiko halijai hewa, basi. Valvu mbovu huweza kurudisha mafuta kwenye pampu karibu na moto. Hiyo haipaswi kubahatishwa. Vivyo hivyo valvu ya usalama ya sufuria ya presha: ikikosekana ile ya modeli yenyewe, sufuria iache kupikiwa. Vipimo vya pamoja havimruhusu mtu kuchomeka chochote kinachoingia.

Pingamizi zito zaidi ni la afya. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2014, halishauri matumizi ya mafuta ya taa majumbani, na mimi simwiti mtu ayarudie. Primus ikae kwa mhifadhi, ikiwashwa nje penye hewa. Lakini somo lake halitegemei mafuta yake. Familia inayonunua leo jiko la gesi au sufuria ya presha inanunua pia utegemezi wa miaka ijayo. Kabla ya kulipa, iulize: mpira na valvu vinauzwa peke yake? Vinafunguka kwa zana za kawaida? Kuna watengenezaji zaidi ya mmoja wa kipimo hicho? Na mashirika yetu ya viwango, ambayo hukagua usalama wa bidhaa, yana kila sababu ya kudai pia kwamba vipimo vya vipuri vitajwe wazi. Chombo ambacho vipuri vyake viko mikononi mwa mtu mmoja kitakufa siku mtu huyo atakapofunga duka, hata kiwe imara kiasi gani.

Sehemu ya tatu itachambua sufuria za presha: jinsi ya kutambua modeli, na vipuri visivyopaswa kamwe kubadilishwa kwa kukisia.