Chupa ya Usingizi na Amana ya Mwili: Mawaidha ya Baada ya Tarawehe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, na hasa mama zetu na dada zetu: usiku huu tunajibu swali tuliloletewa juma lililopita. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza, aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, alituonyesha chupa ya melatonini aliyotumiwa na jamaa yake kutoka Marekani, akauliza: ni halali? Tulipomsikiliza kwa utulivu, tukatambua kwamba swali la chupa limebeba jingine zito zaidi. Kwa kukosa usingizi na kulia bila sababu, alikuwa ameacha kidonge chake cha tamoksifeni kwa wiki kadhaa, wala hakumwambia mtu. Ametupa ruhusa tulieleze jambo hili bila ya kumtaja jina, ili wengine wanufaike.

Kwanza tukifahamu kidonge hicho. Saratani nyingi za titi hustawi kwa homoni ya estrojeni. Tamoksifeni huizuia estrojeni isifanye kazi katika chembe za titi; dawa nyingine, kama letrozoli na anastrozoli, hupunguza utengenezwaji wake mwilini. Tiba hii kwa kawaida huchukua miaka 5, na kwa baadhi hufika 10, kwa kuwa ugonjwa waweza kurejea baada ya muda mrefu. Lakini mwili uliozuiliwa estrojeni hulalamika: joto hupanda ghafla, jasho hutoka, usingizi hukatika, na moyo huweza kuingia huzuni. Huo si udhaifu wa imani, wala si uchache wa subira. Ni athari ya dawa, na athari ya dawa huambiwa tabibu.

Ama melatonini, ni homoni ambayo tezi ndogo iliyomo ubongoni huitoa giza linapoingia, kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga na kuitambua mwaka 1958. Mfano wake ni mfano wa mwadhini: hutangaza wakati, lakini hamshiki mtu mkono.

Je, yasaidia? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa Boston kwa wanawake 95 waliotibiwa saratani ya titi. Takriban nusu yao walipewa miligramu 3 kila usiku kwa miezi 4, na waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa melatonini walilala vizuri zaidi. Lakini katika huzuni na vipindi vya joto haikuonekana tofauti ya maana. Tena, wanawake hao walikuwa wamekwisha kumaliza tiba ya homoni. Basi anayeendelea na tiba asidhani kwamba utafiti huo umemjibu yeye.

Tukirejea kwenye chupa: hapa Uingereza melatonini hutolewa kwa cheti cha daktari, ilhali Marekani huuzwa madukani kama kirutubisho. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za namna hiyo, wakakuta kiasi halisi kinatofautiana na kilichoandikwa, kuanzia pungufu kwa asilimia 83 hadi zaidi kwa asilimia 478. Kuhusu uhalali, melatonini yenyewe hatuoni kizuizi ndani yake. Linalochunguzwa ni ganda na vile vya kutafuna, kwani huenda vikawa na jelatini ya nguruwe. Mfamasia ataweza kukuangalizia.

Vivyo hivyo dawa za huzuni. Paroksetini na fluoksetini hupunguza uwezo wa mwili kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu yake kamili. Ziko nyingine zisizo na tatizo hilo, lakini daktari hawezi kukuchagulia ikiwa umemficha unachokimeza.

Na Ramadhani je? Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqarah, aya ya 185, naye hapendi kututia uzito. Anayeweza kufunga kwa idhini ya daktari, kidonge cha mara moja kwa siku aweza kukipangia wakati wa futari au daku, asibadilishe kila siku. Tarawehe ni sunna. Aliyechoka na aziswali nyumbani, chache, kisha alale. Simu iwekwe mbali, kwani mwanga wake huichelewesha melatonini ya mwili wenyewe. Yapo pia mafunzo maalumu ya kurekebisha mazoea na fikra za usingizi. Mwombeni daktari awaelekeze. Na mgonjwa wa saratani hapa anastahiki kusamehewa ada ya dawa, basi gharama isiwe sababu ya kuacha.

Mama yule alikwenda kwa muuguzi wake. Hakukemewa. Alirejeshewa kidonge chake, na usingizi wake ukaanza kushughulikiwa kwa njia iliyo wazi. Enyi waume na watoto, msingoje mama zenu waje kutuambia sisi. Waulizeni nyinyi wamelalaje.

Mwili ni amana, na kuificha maradhi si kuilinda amana. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape usingizi wa raha na nyoyo zilizotulia. Amin. Wabillahi tawfiq.