Nafasi ya Bima ya Afya katika Kupunguza Ubaguzi wa Kimatibabu nchini Marekani

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii yaafiki hali ilivyo nchini Marekani, ambako wanawake weusi hufariki kutokana na uzazi takriban mara 3 zaidi ya wanawake weupe. Umaskini pekee hauelezi tofauti kama hizi. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo, iliyotolewa mwaka wa 2002, ilibainisha kuwa hata wagonjwa wenye bima na kipato sawa hawatibiwi sawa. Je, bima iliyo mlipaji yaweza kufanya nini?

Historia ina jibu. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipoanza kulipia matibabu mnamo Julai 1966, hospitali iliyotenga wagonjwa kwa misingi ya rangi haikustahiki malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Katika muda wa miezi michache, mamia ya hospitali, hasa za Kusini, yaliacha utengano huo. Sharti la malipo likawa na nguvu kuliko mawaidha.

Hata hivyo, fedha zaweza pia kupotosha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Science ulichunguza programu ya kompyuta iliyoteua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilikadiria ugonjwa kwa kutazama gharama. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha chache kwa ugonjwa ule ule, ilidhani wana afya bora. Kasoro hiyo ingerekebishwa, weusi miongoni mwa walioteuliwa wangeongezeka kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Ndiposa kampuni za bima zahitaji kukusanya, kwa hiari ya wanachama, takwimu za asili na lugha, ili kubaini ni nani anayekosa kupimwa au kupewa dawa. Takwimu hizo zisitumiwe kamwe kupandisha ada.

Aidha, bima yaweza kugharamia wakalimani waliohitimu. Hapa Kiswahili chahusika moja kwa moja, kwani ni lugha ya wakimbizi wengi wa Kongo waliohamia Marekani. Daktari akiagiza dawa imezwe saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza, mkalimani asiye na ujuzi atasema "saa nane". Mgonjwa ataimeza alasiri, ilhali alitakiwa kuimeza saa mbili asubuhi. Kanuni za mwaka wa 2016 zilikataza kuwategemea watoto kama wakalimani, isipokuwa katika dharura.

Kwa hivyo, bima haiwezi kumfundisha daktari utu, lakini yaweza kuhesabu, kuuliza na kukataa kulipia ubaguzi. Ukalimani nao si hisani kwa mgeni. Ni sehemu ya tiba yenyewe.