Anayekwenda Kusoma Roma Tumwandaeje?



Kila mwaka baadhi ya mapadre na mafrateri wa Afrika Mashariki hutumwa Roma kusoma. Wengi hupokelewa Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, kilichopo kilima cha Gianicolo karibu na Vatikano. Mizizi yake ni koleji iliyoanzishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1627. Sisi tunawaaga kwa Misa, nyimbo na bahasha. Ni vizuri. Lakini je, tumewaandaa kwa maisha watakayoyakuta?

Hati kwanza

Viza peke yake haitoshi. Anayekwenda Italia kwa masomo ya muda mrefu anapaswa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Fomu huchukuliwa na kurudishwa posta, kisha polisi humwita kuchukua alama za vidole. Stakabadhi ya posta aitunze kama pasipoti yenyewe. Atoe nakala za hati zote, seti moja aiache kwa mlezi wake huku nyumbani.

Awapo mjini

Kituo cha treni cha Termini na mabasi yanayojaa mahujaji yana wezi wa mfukoni hodari. Ndugu yetu mmoja aliweka pasipoti mfuko wa nyuma, akashuka bila hiyo. Begi livaliwe kifuani, hati zikae mfuko wa ndani wenye zipu. Tiketi ya basi igongwe kwenye mashine mara anapopanda. Asipofanya hivyo atatozwa faini hata kama ameinunua. Kwa dharura yoyote apige 112.

Mezani na darasani

Pasta huja kwanza, nyama baadaye. Mgeni akidhani pasta ndiyo mlo wote, hushiba kabla ya wakati. Akiingia dukani bila kusalimia ataonekana hana adabu, lakini jirani asipomuuliza habari za nyumbani, hiyo si dharau. Mitihani mingi ni ya mdomo, uso kwa uso na profesa, tena kwa Kiitaliano. Basi aanze kujifunza lugha miezi kadhaa kabla ya safari.

Upweke

Mwezi Desemba jua la Roma huzama kabla ya saa 11 jioni. Waliotutangulia hutuambia kwamba huo ndio wakati mgumu: furaha ya kufika imekwisha, lugha bado haijakaa, na baridi imefunga kila mtu ndani. Wengi hunyamaza kwa aibu. Jumuiya zilichanga, mama aliuza mbuzi. Atawaambiaje kuwa analia usiku?

Katika falsafa tunajifunza kwamba binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa jamii. Kwa hiyo kukumbuka nyumbani si dalili kwamba wito umepungua. Amweleze mlezi wake wa kiroho mapema, kabla hajakosa usingizi na hamu ya kula.

Nasi tunaobaki tuna wajibu. Tunapompigia simu, tusianze na viatu tunavyotaka atuletee. Tumuulize kwanza, "Frateri, unalala vizuri?" Akijibu kwamba hapana, tusimhubirie. Tumsikilize.