Jinsi Iliyofichwa: Lipiko, Tamthilia za Korea, na Neno "Umbu"

Katika nyanda za juu za Wamakonde, nyuma ya Mtwara na Mikindani, na vilevile ng'ambo ya mto Ruvuma upande wa Msumbiji, iko ngoma ya vinyago iitwayo mapiko, ambayo huchezwa hasa wakati wari wanapotoka jandoni na unyagoni. Mchezaji ni mwanamume. Pengine kinyago chake ni uso wa mwanamke mwenye ndonya mdomoni, na pamoja nacho huvaa kifuani mti mwepesi uliochongwa matiti, chale, na tumbo la mja mzito. Makumbusho ya Ulaya huuandika mti huo kwa jina la njorowe. Aliyeuvaa hucheza uzito wa mimba na taabu zake. Karl Weule wa Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, alieleza habari za vinyago vya nchi hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Kwa hiyo mwanamume kuvaa umbo la mwanamke mbele ya hadhara si jambo geni huku kusini. Lina mahali pake na wakati wake.

Nataja lipiko kwa sababu siku hizi vijana wa nchi hiyo hiyo hutazama mchezo mwingine wa kubadili umbo, nao umetoka mbali. Tamthilia za Korea huuzwa nchini Tanzania zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake, na miongoni mwa zile zipendwazo ni hadithi za msichana ajifanyaye mvulana. Katika Coffee Prince (2007), msichana aitwaye Eun-chan hupata kazi katika mkahawa uajirio wanaume tu. Katika You're Beautiful (2009), mtawa mwanafunzi hushika nafasi ya pacha wake wa kiume katika kundi la waimbaji. Katika Sungkyunkwan Scandal (2010), msichana huingia katika chuo kikuu cha zama za Joseon, ambacho wanawake hawakuruhusiwa kusoma. Iko pia ya kinyume chake, The Tale of Nokdu (2019), ambamo mwanamume ndiye avaaye nguo za kike. Tofauti yake na mapiko ni hii: katika ngoma hakuna mpenzi anayedanganywa, bali katika tamthilia mtazamaji ajua na mpenzi hajui, na utamu wote umo katika pengo hilo.

Sasa tuitazame kazi ya msimulizi. Kwanza yaonekana nyepesi. Kiambishi a- na neno yeye havitengi mume na mke, wala Kimakonde na Kiyao havitengi. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua kila mara, na akichagua huifichua siri au huisema uongo. Mswahili husema "amekuja" na siri imehifadhika. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Portia alipovaa joho la mwanasheria sarufi haikumpa mfasiri wake taabu yoyote kwa upande huu.

Lakini taabu yaingia kwa mlango wa majina ya udugu. Katika Kikorea, mwanamume humwita kaka yake hyung, na mwanamke humwita kaka yake oppa. Neno hufuata jinsi ya anayesema. Yule mtawa wa You're Beautiful humwita kiongozi wa kundi hyungnim, na kila alitamkapo hujivika tena nguo za kiume kwa ulimi. Siku msichana wa hadithi kama hizo aachapo hyung na kusema oppa, amevua kinyago. Msimulizi wetu hutafsiri yote mawili kwa "kaka", na tukio zima hupita bila kusikika. Kwa maoni yangu hasara hii ni kubwa kuliko makosa mengi ya msamiati ambayo tumezoea kuyalaumu.

Wataalamu watasema kwamba Kiswahili cha zamani kilikuwa na dawa yake. Ndiyo: neno umbu, wingi maumbu, lilikuwa jina la ndugu wa jinsi nyingine, dada kwa mwanamume na kaka kwa mwanamke, ndugu wa jinsi moja aliitwa ndugu. Wayao bado wana mlumbu kwa maana hiyo hiyo. Basi msichana angeanza na "ndugu yangu" na kumaliza na "umbu langu". Kwa hesabu ya sarufi jambo limetimia, bali kwa mila limeharibika. Oppa huweza kuwa neno la mapenzi. Umbu haliwezi. Kwa Wamakonde na Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, umbu la mwanamke ndiye mjomba wa watoto wake. Kumwita mchumba kwa jina hilo ni kumfungia mlango wa ndoa.

Nadhani njia bora imo katika maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyatazama. Mwanamume akiitwa huitika "naam". Mwanamke huitika "abee". Hapo lugha yetu, kama ile ya Korea, yamtazama anayesema. Msichana aliyejificha aitike "naam" muda wote, kisha siku moja aitwe ghafula na kuitika "abee": kila msikilizaji wa Mtwara ataelewa, hata akiwa amefumba macho. Pia kuna oa na olewa. Katika maneno haya sarufi yenyewe humbana mwenye siri, kwa kuwa akisema "nitaoa" amejitia uanaume, na akisema "nitaolewa" amekwisha kujulikana. Msimulizi aliye hodari anaweza kuzipanga kauli hizi mbili mahali ambapo Mkorea ameweka hyung na oppa, ingawa itambidi kuliacha neno la asili na kufuata tukio.